Maneno Anayoyaandika Mteja: Tovuti Mpya na Utafutaji wa Google

Neno la kutafutia ni neno moja, au fungu la maneno, ambalo mtu huliandika au kulitamka kwenye Google, Bing au mtambo mwingine wa kutafuta ili aletewe kurasa zinazomfaa. Tovuti iliyofunguliwa juzi haina wasomaji wa zamani wanaoirudia, tovuti nyingine hazijaielekezea viungo, na jina lake halijakaa vinywani mwa watu. Wageni wake wa kwanza, ukiondoa jamaa na marafiki wa mwenyewe, watafika kwa sababu waliandika maneno fulani na maneno hayo yakakutana na ukurasa wake. Kwa hiyo kuyachagua maneno hayo ni kazi ya mwanzo kabisa, nayo hufanywa kabla ukurasa haujaandikwa.

Mfano mzuri wa kazi hiyo ni karakana ya kuchomelea vyuma iliyo Baba Dogo, Nairobi. Baba Dogo ni mtaa wa viwanda na makazi katika eneo bunge la Ruaraka, jirani na Lucky Summer na Korogocho. Kando ya Barabara ya Baba Dogo kuna viwanda vyenye kuta ndefu, na palipobaki nafasi kuna mafundi wa jua kali wanaotengeneza mageti, milango, grili za madirisha, vitanda vya deka na maboksi ya bati ya wanafunzi. Fundi wa namna hii amezoea kupata kazi kwa kupendekezwa: mteja mmoja humwambia mwenzake, na anayepita njiani huona geti jipya limeegemezwa ukutani akauliza bei. Mkazi wa Kasarani au Umoja asiyepita njia hiyo hana habari naye. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, intaneti ikapungua bei, na miaka iliyofuata mkazi huyo akazoea kutoa simu mfukoni na kumtafuta fundi Google kabla ya kumuuliza jirani. Fundi akifungua tovuti, swali la kwanza ni mteja huyo huandika nini.

Jibu linategemea jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Google haizunguki intaneti yote kila mtu anapouliza kitu. Programu zake hutembelea kurasa mapema, husoma yaliyomo na kuyaweka kwenye faharasa kubwa, mfano wa ile ya mwisho wa kitabu inayoonyesha kila neno liko ukurasa gani. Mtu anapoandika maneno, mtambo hupekua faharasa hiyo, hukusanya kurasa zinazohusika, kisha huzipanga kuanzia inayoonekana kufaa zaidi. Katika kupanga huko ndimo tovuti ndogo inamopotelea au inamoibukia.

Mwaka 1972 mtafiti Karen Spärck Jones wa Cambridge, Uingereza, alichapisha wazo ambalo mitambo ya kutafuta imelitegemea tangu hapo: neno linalopatikana kwenye maandishi machache lina uzito mkubwa kuliko linalopatikana kila mahali. Mtu akiandika “vitanda vya deka Baba Dogo”, neno “vya” halisaidii kitu kwa kuwa limo katika kila ukurasa wa Kiswahili. “Vitanda” linasaidia kiasi. “Deka” linachuja zaidi, na “Baba Dogo” linachuja kabisa, maana ni kurasa chache duniani zinazoutaja mtaa huo, na chache zaidi zinazoutaja pamoja na vitanda. Google yenyewe ilipoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, iliongeza kigezo cha viungo, yaani ukurasa unaotajwa na kuunganishwa na kurasa nyingine nyingi huhesabiwa kuwa wa kuaminika zaidi. Kwa neno lililozoeleka lenye kurasa maelfu, viungo huamua, na tovuti mpya haina viungo. Kwa maneno adimu washindani ni wachache, na ukurasa unaoyajibu vizuri unaweza kupanda hata kama umri wake ni miezi miwili.

Kosa la wengi ni kuanzia juu. Mwenye karakana anataka ajitokeze kwa neno “milango” au “vitanda”, kwa sababu anadhani huko ndiko watu waliko. Ni kweli wapo, lakini anayeandika “milango” peke yake huenda anatafuta picha, au mwanafunzi anaandika insha, au yuko Mombasa akitafuta milango ya mbao iliyochongwa. Hata angekuwa mnunuzi, matokeo ya kwanza yatakuwa ya masoko makubwa ya mtandaoni kama Jumia na Jiji, ambayo yana maelfu ya kurasa na miaka ya viungo. Hatua moja chini kuna “milango ya chuma”. Chini yake kuna “bei ya mlango wa chuma Nairobi”, na chini zaidi “fundi wa milango ya chuma Ruaraka”. Kila hatua inapunguza idadi ya wanaotafuta, na kila hatua inamsogeza anayetafuta karibu na kutoa pesa. Watu kumi waliofika kwa fungu la mwisho wana thamani kubwa kwa fundi kuliko mia tano waliofika kwa neno la kwanza wakaondoka baada ya sekunde tatu.

Mafungu haya marefu ni mengi kuliko yanavyodhaniwa. Chris Anderson aliandika katika jarida la Wired, Oktoba 2004, jinsi bidhaa zinazouzwa kidogokidogo zinavyoweza kwa jumla kulingana na zile chache zinazouzwa sana, na wanaoshughulika na utafutaji waliona haraka kwamba maneno nayo yako vivyo hivyo. Google imekuwa ikisema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku hayajawahi kuandikwa na mtu yeyote kabla. Hakuna tovuti kubwa inayoweza kuandaa ukurasa kwa kila swali la aina hiyo. Nafasi ya mdogo iko hapo.

Urefu wa fungu peke yake hautoshi, kwa sababu nyuma ya maneno kuna nia. Andrei Broder, mtaalamu wa utafutaji, aliigawa nia hiyo mara tatu katika makala ya mwaka 2002: kuna anayetaka kujua jambo, kuna anayetaka kufika kwenye tovuti fulani anayoijua, na kuna anayetaka kufanya jambo, kama kununua au kujisajili. Mgawanyo huo bado unafaa. Anayeandika “jinsi ya kuzuia geti lisishike kutu” anataka maelezo. Anayeandika “eCitizen” anataka kufika kwenye tovuti hiyo ya huduma za serikali, na hakuna faida yoyote kwa karakana kumkatiza njiani. Anayeandika “bei ya geti la slaidi” yuko karibu kuagiza. Ukurasa unaomjibu wa kwanza kwa orodha ya bei utamchukiza, na unaomjibu wa tatu kwa historia ya chuma utamfanya arudi nyuma na kubofya tovuti nyingine. Maneno ya mtu wa kwanza na ya wa tatu yote yanafaa kuwekwa kwenye mpango, ila kila nia ipewe ukurasa wake.

Maneno yenyewe hupatikana kwanza kwa wateja, na hapa mwenye biashara ndogo amemzidi mtaalamu yeyote wa kukodiwa. Simu ya fundi imejaa ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe mmoja wa kawaida unaweza kusomeka hivi: “Sasa fundi, mko na deka za shule? Moja ni how much, na mnadeliver Githurai?” Ndani ya maneno hayo machache kuna mengi ya kuchukua. Mteja hakusema “vitanda vya ghorofa” wala “vitanda vya chuma vya tabaka mbili”, alisema “deka”. Amezitaja kuwa za shule, kumbe ana shule au anainunulia. Ameuliza bei ya moja, kumbe anataka kupiga hesabu ya nyingi. Ametaja mahali pa kupelekewa. Mwenye tovuti akiziandika kando jumbe hamsini za namna hiyo, akahesabu maneno yanayojirudia, atakuwa na orodha ya mwanzo iliyo bora kuliko inayotolewa na programu yoyote. Ataona pia kwamba yeye hujiita “mtaalamu wa uchomeleaji” ilhali wateja humwita “fundi wa welding”. Tovuti ifuate wateja.

Baada ya hapo ndipo Google yenyewe iulizwe. Mtu anapoanza kuandika, kisanduku humalizia sentensi kwa mapendekezo. Huduma hiyo ilianza kama jaribio mwaka 2004 na ikawa ya kawaida mwaka 2008, na mapendekezo yake hutokana kwa sehemu kubwa na yale ambayo watu wameyaandika kweli. Ukiandikwa mwanzo “bei ya geti” kisha ikaongezwa herufi moja moja, a, b, ch, mpaka mwisho, mafungu mapya hujitokeza ambayo mtu asingeyafikiria mezani. Kazi hii ifanywe katika dirisha la faragha la kivinjari, maana vinginevyo mapendekezo hufuata historia ya mwenye simu. Kati ya matokeo na chini yake kuna maswali ambayo watu wengine huuliza na utafutaji unaofanana, navyo vichukuliwe.

Google Trends, iliyoanza mwaka 2006, huonyesha kama neno linapanda au linashuka, na linatafutwa zaidi wapi. Namba zake kati ya 0 na 100 hazihesabu watu. Hulinganisha tu umaarufu wa neno na kilele chake chenyewe au cha neno lililowekwa kando yake, katika nchi na muda uliochaguliwa. Anayetaka makadirio ya idadi hutumia Keyword Planner, iliyomo ndani ya mfumo wa matangazo wa Google. Hutumika bure, lakini akaunti isiyolipia matangazo hupewa vipimo vipana kama “10 hadi 100” au “100 hadi 1,000” kwa mwezi. Kifaa hiki kilitengenezwa kwa ajili ya watangazaji, na kwa Kiswahili na Sheng mara nyingi hakionyeshi kitu. Asiyejua hilo hulitupa neno zuri. Fungu ambalo kifaa kinalionyesha kuwa halina watafutaji, lakini wateja wanne wamelitumia kwenye WhatsApp mwezi huo, lina watafutaji.

Lugha ndiyo sehemu inayohitaji umakini mkubwa zaidi hapa kwetu, na ndiyo ambayo vitabu vya nje haviifundishi. Mkazi wa Eastlands haandiki kwa lugha moja. Anaponunua kitu chenye bei huelekea Kiingereza, na wauzaji wa Kenya wameshajifunza kwamba maneno “price in Kenya” hufuata karibu jina la kila bidhaa. Anapotaka kuelezwa namna ya kufanya jambo anaweza kuanza kwa “jinsi ya”. Anapotafuta chumba cha kupanga ataandika “bedsitter”, na kijana huenda akaandika “keja”. Kila namna ina watu wake. Busara ni kuangalia ni lugha gani inatumika kwa jambo gani, kisha ukurasa uandikwe kwa lugha hiyo tangu kichwa mpaka mwisho, badala ya kutafsiri tovuti nzima na kutarajia kwamba tafsiri italeta watu wale wale.

Kwa maelezo na mafunzo, Kiswahili kina nafasi ambayo haijajazwa. Maandishi ya Kiswahili kwenye intaneti ni machache sana yakilinganishwa na ya Kiingereza, kwa hiyo swali lililoulizwa kwa Kiswahili mara nyingi hukutana na kurasa mbovu au zisizohusika kabisa. Anayelijibu kwa ukamilifu hapambani na wengi. Isitoshe, tangu Agosti 2017 Google hupokea Kiswahili kwa sauti, na anayetamka hutumia sentensi ndefu kuliko anayeandika kwa kidole gumba ndani ya matatu. Maswali kamili yanayoanza na “ni wapi”, “ni nani” na “kwa nini” yanastahili kuwekwa kwenye orodha.

Kiswahili chenyewe hubadilika kikivuka mpaka. Mkenya hutafuta “tokeni za stima”, Mtanzania hutafuta “Luku”. Huku ni “tuktuk”, kule ni “bajaji”. Pwani ya Kenya ni “leso”, Tanzania ni “khanga”. Huku “ndengu”, kule “choroko”. Tovuti inayouza kwa wakazi wa Nairobi haina sababu ya kushika maneno ya Dar es Salaam ati kwa kuwa ndiyo yanayopendelewa na kamusi, na inayotaka wasomaji wa nchi zote mbili inahitaji kuyataja yote mawili ndani ya ukurasa, mahali panapofaa.

Tahajia nayo ina hesabu yake. Mtaa huu huandikwa “Baba Dogo” na pia “Babadogo”, barabara iliyo jirani huandikwa “Outer Ring” na “Outering”, na njiapanda ya Barabara ya Thika huandikwa “Allsops” au “Allsopps”. Google huunganisha tahajia nyingi yenyewe, hasa za maneno ya Kiingereza. Mwaka 2013 mfumo wake wa kupanga matokeo ulijengwa upya ili kusoma maana ya swali zima, na mwaka 2019 ikaongezwa teknolojia iitwayo BERT, iliyofika lugha zaidi ya 70 Desemba mwaka huo, Kiswahili kikiwemo. Hata hivyo, kwa majina ya mitaa na maneno ya mtaani ni salama zaidi kutumia tahajia iliyozoeleka kwenye kichwa na kuitaja nyingine mara moja ndani ya maelezo.

Maneno hufa pia. Kwa miongo mingi, mwezi wa Januari wazazi wa Kenya walitafuta boksi la Form One, lile sanduku la bati lenye kufuli ambalo mwanafunzi wa bweni huenda nalo. Mafundi wa jua kali waliishi kwa msimu huo. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na waliouketia ndio wa mwisho kuingia Form One, Januari 2024. Januari 2025 haikuwa na Form One, na Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya likaingia Grade 10. Boksi ni lile lile, bati ni lile lile, lakini mzazi anaandika neno jingine. Karakana yenye ukurasa uitwao “Maboksi ya Form One” imeachwa na wateja wake bila kujua, wakati ile iliyoweka “boksi la shule ya bweni, Grade 10” mapema, mwezi wa Oktoba au Novemba, iliupa ukurasa wake muda wa kuonekana kabla msimu haujafika.

Muda huo ni wa lazima. Google inaweza kuchukua siku au wiki kadhaa kuutembelea ukurasa mpya na kuupa nafasi, kwa hiyo ukurasa wa msimu huandikwa msimu ukiwa bado mbali. Mvua za masika huanza Machi, na ukurasa kuhusu paa linalovuja au geti lililoshika kutu uwe tayari Januari. Kwa tovuti ya shughuli nyingine tarehe hubadilika: anayesaidia watu kujaza fomu za kodi hutazama Juni, kwa kuwa makataa ya mtu binafsi kuwasilisha ripoti kwa KRA ni tarehe 30 mwezi huo.

Orodha ikishakuwa ndefu, ipunguzwe kwa kuangalia ushindani, na kipimo cha kuaminika ni macho. Kila fungu liandikwe Google, na ukurasa wa kwanza wa matokeo usomwe kwa makini. Kama umejaa tovuti za serikali, Wikipedia na masoko makubwa, na zote zinajibu swali hilo hasa, fungu hilo liachwe kwa sasa. Dalili za nafasi iliyo wazi ni nyingine: matokeo yanayozungumzia nchi nyingine, machapisho ya zamani ya Facebook, kurasa zinazotaja neno moja tu kati ya matatu yaliyoandikwa, au picha za bidhaa zisizo na bei wala mahali. Fungu lenye watafutaji wachache na matokeo ya namna hiyo ndilo tovuti changa inalopaswa kuanza nalo.

Maneno yakichaguliwa, kila kundi la maneno yenye maana moja lipewe ukurasa mmoja. “Bei ya deka”, “vitanda vya deka bei” na “deka za shule ni ngapi” ni swali moja, na kurasa tatu zitapokonyana nafasi zenyewe kwa zenyewe. Fungu kuu likae kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye anwani yake, katika sentensi za mwanzo na katika maelezo ya picha, na hapo linatosha. Kulirudia kila mstari hakusaidii. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haitumii ile orodha ya maneno inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa kupanga matokeo, na tangu mabadiliko ya mwaka 2011 yaliyopewa jina Panda imekuwa ikizishusha tovuti zenye maandishi hafifu. Mtindo mwingine wa kuepuka ni wa kunakili ukurasa mmoja mara ishirini na kubadilisha jina la mtaa tu, “fundi wa geti Kasarani”, “fundi wa geti Umoja”, “fundi wa geti Pipeline”. Kanuni za Google zinaukataza waziwazi. Ukurasa wa mtaa mwingine unafaa ukiwa na kitu chake: picha ya kazi iliyofanywa huko, gharama ya kusafirisha mpaka huko, aina ya mageti yanayopendwa kwenye majengo ya huko.

Kinachoshikilia nafasi ni jibu lenyewe. Mzazi au mwenye shule anayetafuta deka anataka kujua unene wa bomba, kama rangi imepuliziwa au imepakwa kwa brashi, upana wa godoro linaloingia, bei ya moja na ya ishirini, siku za kusubiri, na kama usafiri umo ndani ya bei. Mafundi wengi huficha bei wakiogopa washindani. Matokeo yake ni kwamba neno “bei”, ambalo karibu kila mteja huliandika, halimo popote kwenye tovuti yao. Wakiogopa kutaja bei kamili, wataje kuanzia ngapi hadi ngapi na kinachoipandisha.

Kwa biashara yenye mahali, ramani huleta wateja haraka kuliko tovuti. Mtu anayeandika “fundi wa welding” akiwa Ruaraka, hata asipotaja mtaa, mara nyingi huonyeshwa kwanza ramani yenye biashara zilizo karibu naye. Kujisajili kwenye Google Business Profile ni bure, na Google hueleza kwamba hupanga matokeo hayo kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na jinsi inavyojulikana, ikiwemo maoni ya wateja. Maneno yaliyokusanywa hutumika hapa pia, katika aina ya biashara, orodha ya huduma na maelezo. Jina la biashara libaki lile lililo kwenye kibao. Kulijaza maneno kama “bei nafuu deka geti Nairobi” ni kinyume cha masharti na kunaweza kuifanya biashara iondolewe.

Mei 2024 Google ilianza Marekani kuweka juu ya matokeo muhtasari uliotungwa na akili mnemba, na Oktoba mwaka huo ikaupeleka katika nchi zaidi ya 100. Maswali ya jumla, kama ni rangi gani inazuia kutu, sasa mara nyingi hujibiwa pale pale bila mtu kubofya tovuti yoyote. Hili limeyapunguzia maneno ya maelezo thamani yake. Maneno yenye mahali, bei na kazi ya mikono hayajaathirika kwa kiasi hicho, kwa kuwa muhtasari hauwezi kuchomelea geti wala kujua karakana ina deka ngapi tayari leo. Tovuti mpya ya Baba Dogo inayogawa muda wake ingefanya vyema kuupeleka mwingi huko.

Matokeo hupimwa kwa Search Console, chombo cha bure ambacho kabla ya mwaka 2015 kiliitwa Webmaster Tools. Mwenye tovuti akithibitisha umiliki wake, huonyeshwa maneno ambayo watu waliyaandika mpaka ukurasa wake ukatokea, mara ulizotokea, mara ulizobofywa, na wastani wa nafasi yake. Miezi miwili au mitatu ya mwanzo namba huwa ndogo, na wengi hukata tamaa wakati huo. Kinachotafutwa hapo si ukubwa. Kwanza huangaliwa maneno ambayo ukurasa umetokea nayo kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Hayo yako karibu, na mara nyingi huhitaji tu sehemu mpya ya maelezo, picha bora, au kiungo kutoka ukurasa mwingine wa tovuti hiyo hiyo. Pili, maneno ambayo ukurasa hutokea nayo sana lakini haubofywi. Hapo kichwa hakimwambii mtafutaji anachotaka, na kubadili “Karibu Kwetu” kuwa “Deka za shule Baba Dogo: bei na vipimo” kunaweza kutosha. Tatu, maneno ambayo mwenye tovuti hakuyapanga kabisa. Ukurasa wa mageti unaweza kuonekana ukitokea kwa “reli za pazia za chuma” kwa sababu ya sentensi moja iliyoandikwa bila kufikiri. Hilo ni ombi la wateja lililokuja lenyewe, na lina haki ya kupewa ukurasa.

Kazi hii hurudiwa kila baada ya miezi michache. Kurasa ambazo hazikutokea kwa neno lolote kwa mwaka mzima huunganishwa na nyingine au huondolewa. Zile zilizoshika nafasi za juu kwa mafungu marefu huanza kutajwa na kuunganishwa na tovuti nyingine, na baada ya muda huwa na nguvu ya kuwania fungu fupi lililo juu yake. Karakana iliyoanza na “fundi wa milango ya chuma Ruaraka” inaweza wakati huo kujaribu “milango ya chuma Nairobi”, ikiwa na kurasa kadhaa nyuma yake zinazoonyesha kazi iliyofanywa mtaa kwa mtaa.